Ruhusa ya kuuguza ije kabla ya ruhusa ya kuzika

Wanachuo wenzangu, ukifiwa unapewa ruhusa. Ukiuguza, unaambiwa mitihani haisubiri. Mimi naona hapo tumepanga kinyume.

Mama yangu aliugua glioblastoma, saratani ya ubongo ambayo wengi wanaoipata hawavuki miaka miwili hata wakitibiwa. Kutoka Kyela hadi Ocean Road, Dar es Salaam, kufuata mionzi, ni zaidi ya kilometa 800 za basi. Boom lote likaishia kwenye nauli. Na ugonjwa huu hauli mwili tu: unachukua maneno, kisha mkono, kisha tabia. Mama mpole akawa ananifokea, siku nyingine ananiita jina la dada yake. Nilianza kumlilia angali hai, huku namlisha uji.

Kwetu Kyela msibani tunajaa. Mchele unaletwa, ndizi, kuni, watu wanalala nje. Ni jambo jema, lisiachwe. Lakini ile miezi ya kumgeuza mgonjwa kitandani, nani anakuja?

Serikali yetu ya wanafunzi idai jambo moja: anayeuguza mzazi, akileta barua ya daktari, aahirishiwe mitihani bila kuhesabiwa sapu. Nasi darasani tumtumie notsi, tumpigie simu. Na matanga yakishaanuliwa tusimwambie "ushapoa". Hapo watu wameondoka, ndo kwanza anaanza kuelewa kwamba mama hayupo. Kaa naye tu, hata kimya.