Fedha za Juma Kuu

Ukizisoma Injili kwa makini utaona kwamba fedha ilipita mikononi mwa watu walau mara nne katika habari za mateso na ufufuko wa Bwana. Yuda Iskariote alipokea vipande thelathini ili amtoe Mwalimu wake. Yusufu wa Arimathaya alinunua sanda. Wanawake, Sabato ilipokwisha, walinunua manukato waende kuupaka mwili. Na makuhani waliwahonga askari wa kaburini ili waseme mwili umeibwa usiku. Basi biashara ya Pasaka haikuanza na maduka ya Kenyatta Avenue hapa Nakuru. Ilikuwapo tangu mwanzo, na tangu mwanzo ilikuwa ya namna mbili: wako waliotoa fedha kwa kumpenda, na wako waliokula fedha kwa kumuuza na kumficha.

Nimeanza hapo makusudi, maana sitaki kuhesabiwa pamoja na wasemao kwamba kuuza na kununua wakati wa Pasaka ni dhambi. Mama auzaye viazi vya Molo ana watoto wa kulisha Ijumaa Kuu kama siku nyingine yoyote. Hata ile sanda ya Yusufu ilikuwa na mwuzaji. Ninachouliza ni hiki: shilingi yako ya Juma Kuu ni jamaa ya ipi kati ya zile nne?

Tazama steji zetu Alhamisi Kuu. Nakuru ni njia panda. Atokaye Nairobi kwenda Kericho, Eldoret, Kisumu au Kakamega hupita hapa, na jioni hiyo abiria hujaa mpaka barabarani na mizigo yao. Nauli hupanda, wakati mwingine maradufu. Barabara ya Salgaa haijarefuka tangu Jumatano, wala gari halijaongezewa tairi. Kilichobadilika ni kwamba kijana wa kibarua amepata siku nne za mapumziko na mama yake anamngoja nyumbani. Kinachouzwa pale si kiti tena, ni hamu ya mtu kumwona mzazi wake. Na gari lenyewe limebandikwa jina la Yesu kwenye kioo cha nyuma! Nasema wazi: fedha hiyo ni ya upande wa Yuda, hata kama mwenye gari ataketi benchi la mbele Jumapili na kutoa sadaka nono.

Madukani mambo ni madogo kuliko hayo. Mayai ya chokoleti na sungura wa karatasi ya dhahabu wametoka mbali, na mtoto wa Njoro hapotezi kitu akiwakosa. Lakini mzazi akumbuke kwamba Pasaka hukaribiana na kufungwa kwa muhula wa kwanza. Karo ya muhula wa pili iko mlangoni, na mahindi yanataka mbolea mvua ikianza.

Jambo lililonigusa zaidi lilitokea Naivasha, katika kaunti yetu hii, mwaka 2024. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na kwa miaka mingi yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka. Yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 yalifanyika Juni, lakini mwaka 2024 yakarejeshwa Pasaka, Machi 28 hadi 31. Ijumaa Kuu magari yakatimua vumbi Loldia. Jumamosi Kuu yakawa Soysambu na Elmenteita. Jumapili ya Ufufuko mshindi, Kalle Rovanperä wa Finland, akapatikana Hell's Gate. Vijana walimiminika Vasha, kama wanavyouita mji huo, na wengi wao hawakufuata magari. Walifuata pombe na muziki wa usiku kucha.

Sina ugomvi na gari liendalo kasi. Wenye hoteli walipata riziki, na wauza mahindi ya kuchoma pia. Huzuni yangu ni kwamba kijana aliyebatizwa, aliyelelewa katika shule ya Jumapili, aliifikia saa tisa alasiri ya Ijumaa Kuu, saa ambayo Kanisa linapiga magoti, asikumbuke hata kidogo kwamba kuna aliyekufa kwa ajili yake. Wala tusimlaumu yeye peke yake. Sisi wazazi tulimwambia Pasaka ni nguo mpya na nyama, na alipokua akaenda kuitafuta nyama kubwa zaidi. Mwaka 2025 mashindano yalifanyika Machi 20 hadi 23, mwezi mzima kabla ya Pasaka. Tarehe ikaondoka, lakini pengo katika malezi lingali palepale.

Sisi tuliokuwapo tunaikumbuka Pasaka ya mwaka 2008. Iliangukia Machi 23, siku 24 tu tangu mapatano ya kitaifa ya kumaliza ghasia za uchaguzi yatiwe sahihi Februari 28. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulikuwa umejaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi. Wako waliosali Pasaka ile nje ya hema, wakiwa wamevaa nguo za kupewa. Mtu aliyefika pale na blanketi moja, au debe la unga, akamkabidhi mtu wa kabila lililopigana na lake, alikuwa amenunua manukato. Ile ndiyo Pasaka niliyoielewa kuliko zote, na hapakuwa na duka lililoitangaza.

Ukitaka kuionja tena, nenda kwenye Mkesha wa Jumamosi usiku, uwe wa kanisa kuu la Kristo Mfalme hapa Nakuru au wa parokia ndogo ya kijijini. Taa huzimwa. Moto mpya huwashwa nje, mshumaa wa Pasaka ukawashwa kwa moto huo, na mshumaa mmoja ukawasha mwingine mpaka kanisa zima likang'aa. Mpeleke mtoto wako, mwache ashike mshumaa wake mwenyewe. Atakapoona giza likirudi nyuma hatua kwa hatua, ataelewa neno ufufuko kabla hujamweleza.

Nawe mwenye duka, funga mlango Ijumaa Kuu kuanzia saa sita hadi saa tisa, ili msichana wako wa kaunta aifuate Njia ya Msalaba. Mwenye shamba la maua, mpe mfanyakazi wako Mkristo zamu itakayomwezesha kusali. Na wewe mwenye matatu, Alhamisi Kuu ikifika, acha nauli ya Nakuru ibaki ilivyokuwa Jumatano.