Kabla ya kugawana pingili, pasueni muhogo kwanza

Nimefurahi sana kusikia vikundi vya bustani vinagawana mbegu na miche mwishoni mwa kaskazi, kabla mvua za masika hazijaanza. Mkilua, mrehani na asumini vimedumu pwani kwa njia hiyo hiyo, jirani kumkatia jirani.

Ila ndugu zangu, muhogo unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu tukigawana pingili tunagawana na maradhi yaliyomo. Batobato huonekana mapema: majani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa kwa mara ya kwanza hapa hapa kwetu Muheza, kule Amani, mwaka 1936, ndio unaonitia hofu, maana shina laweza kuonekana zima kabisa huku muhogo wenyewe umeoza ndani. Kwa hiyo chagueni pingili siku ya kuvuna, mkishaupasua muhogo wa shina lile lile na kuuona mweupe. Pingili za shina ambalo halijachimbwa, mimi sizipokei hata kwa ndugu.

Marando ya viazi yakatwe nchani, kama sentimita 30. Sehemu ya chini iliyokomaa ndiyo fukusi hupenda kutaga. Mbegu za mchicha zichanganyeni na mchanga mkavu mnapozipanda, zisimwagike mahali pamoja.

Sisi wa Muheza tuna mbegu za mnavu na mlenda za kutosha, na tunatafuta marando ya viazi lishe.