Joho Jeupe la Go-Sakuramachi

Oktoba 2024, kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliishauri Japani irekebishe sheria inayowapa wanaume pekee haki ya kurithi kiti cha ufalme. Tokyo ikanuna. Januari 2025 ikatangaza kwamba mchango wake wa hiari usitumike kwa kazi za kamati hiyo. Taifa zima kususa kama mtoto aliyenyimwa andazi!

Watetezi wa sheria hiyo wanasema wanawake wanane waliowahi kutawala walikuwa wa damu ya kuumeni, tena walishika nafasi tu. Haya. Mmoja wao, Suiko, "alishika nafasi" kwa miaka 36.

Linalonikera ni neno wanalolishikilia, "mila". Go-Sakuramachi, mwingine kati ya hao wanane, alitawala kuanzia 1762 hadi 1771, na joho lake la kutawazwa lipo hadi leo: hariri nyeupe tupu, wakati la wanaume lilikuwa jekundu, limetariziwa madragoni. Yaani mafundi wa kasri walijua mwanamke akitawazwa avae nini. Nani hushona vazi rasmi la jambo lililo mwiko? Mwaka 1868, mfalme Meiji alipotawazwa, majoho yote hayo yakawekwa kando kwa kuwa ni ya Kichina, na wala hakuna aliyelia mila imekufa. Marufuku ya wanawake kutawala ikaandikwa katika sheria mwaka 1889, ikarithiwa na sheria ya 1947. Mila gani hii, changa kuliko reli ya Yokohama?

Picha nazo zimechangia kuijenga "mila" hiyo. Zamani ibada za mfalme hazikuanikwa hadharani. Mwaka 1739 msomi Kada no Arimaro alichapisha kitabu kuhusu Daijosai, ibada ya mpunga mpya ya mfalme mpya. Kasri likakasirika, kitabu kikapigwa marufuku, mwenyewe akafungiwa nyumbani. Enzi ya Meiji mambo yakageuka. Wachoraji kama Chikanobu wakamchapa mfalme kwa vibao vya mbao, ndevu kidevuni, sare ya kijeshi ya Kizungu, wino mwekundu wa kiwandani ukiwaka, na picha zikauzwa madukani. Mfalme akawa askari. Hiyo ndiyo sura wanayoiita ya kale.

Na sura hiyo bado inatawala: tarehe 1 Mei 2019 mfalme Naruhito alipokabidhiwa upanga na kito vya ufalme, wanawake wa ukoo wake hawakuruhusiwa kuingia. Mwanamke mmoja tu alikuwamo ukumbini, naye aliingia kwa sababu alikuwa waziri.