Konde Hahitaji Njia Panda

Mpiga gitaa wa Kenya Fundi Konde ameitwa "Robert Johnson wa Pwani" mara nyingi mno, na toleo hili la jarida letu limezaliwa na hasira yangu juu ya jina hilo. Katika makala zilizonifikia hapa kisiwani Funzi, moja ililipeleka mbali zaidi. Kwa kuwa Johnson, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, anasemekana kukutana na shetani kwenye njia panda kule Mississippi, mwandishi alitaka naye Konde awe amepewa gitaa na jini, tena jini wa mikoko hii inayotuzunguka. Sehemu hiyo nimeikata. Mwandishi hakuridhika, kwa hiyo namjibu mbele ya wasomaji.

Hadithi ya njia panda inamdhulumu Johnson kabla haijamfikia Konde. Mwanabluzi mzee Son House, aliyemjua tangu akiwa kijana wa kufukuzwa jukwaani, alisimulia jinsi alivyotoweka kwa muda kisha akarudi akiwa bingwa. Kumbe alikuwa kwao, upande wa Hazlehurst, akifundishwa na Ike Zimmerman, mpiga gitaa mwenye subira ambaye wapenzi wengi wa bluzi hawamtaji kamwe. Usiku wa mazoezi na mwalimu aliyeukesha vimefutwa, shetani akapewa sifa. Akiingia jini wa Funzi, atakuja kufanya kazi hiyohiyo: atatusamehe tusiulize nani alimfundisha nani.

Na kama tunazungumzia athari, tuzungumzie namna athari inavyosafiri. Johnson alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafa 1938 akiwa na miaka 27. Mtayarishaji John Hammond alipomtafuta mwaka huohuo apige katika ukumbi wa Carnegie Hall, alikuta keshazikwa. Vijana wa Uingereza kina Eric Clapton na Keith Richards hawakumwona. Walimsikia kwa sababu santuri zake zilitunzwa, na mwaka 1961 kampuni ya Columbia ikakusanya baadhi yake ikazitoa upya. Bila watunzaji hao angebaki jina la kijijini.

Sasa mtazameni Konde. Alizaliwa Pwani mwaka 1924. Wakati wa vita kuu ya pili aliingia katika kikosi cha burudani cha jeshi chini ya Peter Colmore, akawapigia askari wetu hadi huko Asia. Vita vilipokwisha, yeye na Colmore walirekodi kwa kampuni ya HMV nyimbo ambazo hata leo hapa kisiwani utawasikia kina mama wakiziimba kuanzia mwanzo hadi mwisho: "Tausi", "Mama Sowera", "Kipenzi Waniua-Ua". Anatajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kupiga gitaa la umeme katika rekodi. Sikilizeni zile sauti mbili zinavyotembea pamoja na gitaa likizijibu kwa upole bila kuziingilia. Humo mna Kuba, iliyofika kwetu kwa santuri za GV ambazo HMV ilianza kuzitoa mwaka 1933, na mna mdundo wa ngoma alizokulia. Bluzi sijaisikia humo, na sioni sababu ya kumtafutia Konde babu Mississippi ndipo aheshimiwe.

Tofauti kubwa kati ya hao wawili ndiyo inayoniuma. Johnson alikufa kabla ya kuulizwa. Konde aliishi hadi mwaka 2000. Kwa miongo kadhaa alikuwa mzee wa kutembelewa, wa kuketi naye na gitaa mkononi akaonyesha vidole vinakwenda wapi. Bendi ya Them Mushrooms walimwendea wakarekodi naye, na ninawashukuru. Mwaka 1994 santuri zake za kati ya 1947 na 1956 zilitolewa upya kwenye CD na RetroAfric, kampuni ya Uingereza. Sisi wenye lugha ya nyimbo zile tulikuwa na redio, vyuo na magazeti, tukatosheka na kumpiga katika vipindi vya zilizopendwa, mtangazaji akitaja mwimbaji na kumwacha mpiga gitaa.

Makala kuhusu mpiga gitaa wa Kongo Mwenda Jean Bosco ndiyo nzito kuliko zote humu. Mwandishi anaanzia Jadotville, Kongo, mwaka 1952, mtafiti Hugh Tracey aliporekodi wimbo wake "Masanga", anamfuata Mwenda hadi Nairobi alikotangaza vidonge vya Aspro, kisha tamasha la Newport mwaka 1969. Anaeleza vizuri jinsi kidole gumba na cha shahada vilivyotosha kutoa sauti ya magitaa mawili. Anadai kwamba Mwenda aliacha alama kubwa zaidi Kenya kuliko Konde. Kwa Magharibi ya wapiga gitaa kina George Mukabi nakubali. Kwa Pwani nakataa, na wasomaji wa Msambweni na Diani wana haki ya kuingilia kati.

Kuna pia makala fupi juu ya wimbo wa Kikipsigis "Chemirocha" na ubishi mwingine juu ya mwenye wimbo "Malaika", nimeziweka mwishoni.

Ombi langu ni hili. Katika nyumba za Funzi, Bodo, Shirazi na Vanga huenda bado zimo santuri za 78 ndani ya masanduku ya wazee, zikiliwa na hewa ya chumvi. Zitoeni. Pigeni picha lebo zote mbili, andikeni namba iliyochapwa, kisha mwulizeni mwenye sanduku nani alipiga gitaa, na habari hiyo aliisikia kwa nani. Mkipata jina, hata la utani, lileteni. Zipanguseni kwa kitambaa laini kikavu, zisimamisheni wima mahali penye kivuli, na msitumie spiriti kabisa, kwa sababu inayeyusha lakki iliyotengenezewa santuri hizo.