Jumia, Instagram ama Tovuti Yako? Soma Hii Kabla Ufungue Duka la Mtandaoni Huku Changamwe

Ukipita Magongo jioni lazima utaiona hii. Dada amesimama kando ya ukuta uliopakwa rangi juzi, amevaa dera jipya, beshte yake anampiga picha na simu. Picha tatu, anabadilisha dera, picha tatu tena. Dakika kumi baadaye ziko kwa stetasi ya WhatsApp na maneno matatu: "Zimeingia. Njoo inboksi."

Mazee, hilo ni duka. Halina kodi ya chumba wala askari wa kaunti wa kukusumbua. Huku kwetu, ambako vijana kibao wamezoea kungoja kibarua cha bandarini ama cha yadi za kontena, duka kama hilo ndilo limekuwa mpango. Na kila wiki kuna msee ananiuliza swali lile lile: "Bro, niuze wapi? Jumia? Instagram? Ama nitengenezewe tovuti?"

Wewe ukiwa na swali hilo, jiulize lingine kwanza. Siku jukwaa unalouzia likizimwa, utabaki na nini mkononi?

Majukwaa nayo hufa

Usidhani natisha watu. Hebu tuhesabu pamoja.

OLX unaikumbuka? Kuna wakati kila mtu Kenya akitaka kuuza kochi ama simu ya zamani alikuwa anaenda huko. Mwaka wa 2019 Jiji ikainunua, na jina OLX likapotea hapa kwetu.

Jumia ilianza Kenya 2013. Aprili 2019 iliingia soko la hisa la New York na shangwe nyingi. Novemba mwaka huo huo ikafunga biashara Tanzania. Muuzaji wa Dar aliyekuwa amejenga jina lake ndani ya Jumia ilibidi aanze upya. Hapa Kenya bado iko na inauza, lakini ile huduma yake ya chakula, Jumia Food, ilifungwa mwisho wa 2023.

Sky.Garden ndiyo inauma zaidi, kwa sababu ilitengenezwa hasa kwa biz ndogo kama yako. Mwaka wa 2022 ikatangaza inafunga. Desemba hiyo Lipa Later ikainunua, watu wakapumua. Machi 2025 Lipa Later yenyewe ikawekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni. Hata Copia, iliyokuwa ikiuza kupitia maajenti wa mitaani na vijijini, iliwekwa chini ya msimamizi Mei 2024.

Sababu yake haina uchawi. Nyingi ya hizi kampuni zilikuwa zinaishi kwa pesa za wawekezaji, si kwa faida. Kupeleka mzigo mmoja mmoja hadi kwa mlango wa mtu Afrika ni ghali. Riba zilipopanda duniani kuanzia 2022, wawekezaji wakashika mifuko yao. Mwenye jukwaa akikosa pesa, muuzaji mdogo huwa wa mwisho kuambiwa.

Na Instagram je?

Utasema wewe uko Instagram, Facebook na WhatsApp, hizo haziwezi kufa. Sawa. Tarehe 4 Oktoba 2021 zote tatu zilizimika pamoja kwa saa kama sita, dunia nzima. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya mswada wa fedha, intaneti ilidorora Kenya yote. Na Agosti 2023 Bunge lilipokea ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku. Haikufungwa, lakini kuna watu wanalisha watoto na TikTok ambao hawakulala vizuri wiki hiyo.

Mimi yalinipata. Nilitoka chuo mwaka wa pili baada ya karo kugoma, nikaanza kuuza kava za simu mtandaoni. Mambo yalikuwa poa hadi asubuhi moja nikapata akaunti imefungwa. Jukwaa silitaji, haina haja. Niliandika barua pepe, nikajaza fomu, nikajibiwa na mashine. Wafuasi karibu mia tisa walienda na maji. Nilikumbuka wateja kama kumi tu kwa jina, na namba nilikuwa nazo za wanne. Nilikuwa na kava mia na hamsini chini ya kitanda na sijui nimuuzie nani. Hapo ndipo nilijua sikuwa na biashara. Nilikuwa nimekalia kiti cha mtu.

Kila bidhaa na soko lake

Hii haimaanishi uyakimbie majukwaa. Tumia, lakini jua kila moja linafaa nini.

Kuna vitu watu hutafuta kwa jina: chaja, kava, betri, pasi, blenda. Mnunuzi wa Kisumu hajali wewe ni nani, anataka bei na anataka ifike. Vitu kama hivyo Jumia, Kilimall ama Jiji zinaweza kukuletea wateja ambao hungewahi kuwapata ukiwa Chaani.

Kuna vitu watu hununua kwa jicho na kwa kuamini: madera, viatu vya mtumba, manukato, keki. Hapo mteja anataka kukuona, akuulize kitambaa kikoje, na abembeleze bei kidogo. Hizo ni za WhatsApp, Instagram na TikTok. Na tafadhali, andika bei. "Bei inboksi" inafukuza watu. Mtu anadhani unataka kumpima mfuko kwanza.

Sasa piga hesabu. Jumia hukata kamisheni, na inabadilika kulingana na aina ya bidhaa. Chukua mfano wangu tu: dera unanunua 700, unauza ngiri moja. Kamisheni tuseme ni asilimia 12, hiyo ni 120. Mfuko na karatasi 30. Unabaki na 150. Ukiuza mwenyewe kwa WhatsApp unatoa mfuko na bando, unabaki na kama 250. Lakini ukiwa na Jumia unaweza kuuza 20 kwa mwezi bila kujibu "mambo dada" hata moja, na kwa WhatsApp labda utauza 8 na kidole kikauma. 20 mara 150 ni 3,000. 8 mara 250 ni 2,000. Fanya hesabu hiyo na namba zako wewe, si za mtu wa YouTube. Na usisahau mizigo inayorudishwa na siku za kungoja ulipwe, kwa sababu stoki mpya inataka doo leo.

Tovuti yako mwenyewe

Shopify ni rahisi kutengeneza, lakini unalipa kila mwezi, na bei yake ni ya dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Baadaye ikashuka hadi kama 130, lakini aliyelipa Januari aliisikia. Tena huduma ya Shopify yenyewe ya kupokea malipo haiko Kenya, kwa hivyo ili mteja alipe na M-Pesa unahitaji kampuni ya katikati kama Pesapal, nayo inakata yake.

WooCommerce ni bure, inakaa juu ya WordPress, lakini lazima ulipie mahali pa kuiweka na jina la tovuti la .co.ke. Lazima pia uwe na mtu wa kuitengeneza ikiharibika saa nne usiku. Uzuri wake ni kwamba jina ni lako bora tu unalipia kila mwaka. Mwenye nyumba akikuchezea, unahamisha vitu vyako na jina linabaki.

Ushauri wangu: usianze na tovuti. Ijenge ukishakuwa na wateja wanaorudi wenyewe kuuliza vitu vile vile. Tovuti bila wateja ni kibanda kizuri katikati ya msitu.

Vitu ambavyo hakuna jukwaa litakufanyia

Cha kwanza ni pesa. Tenganisha doo ya biz na ya kula. Chukua Till ama Pochi la Biashara. Na usiwahi kutoa mzigo kwa sababu umeonyeshwa ujumbe wa M-Pesa kwa simu ya mteja. Angalia salio lako kwanza.

Cha pili ni barabara. Mteja wa Mikindani ni boda tu. Wa Likoni, mzigo uvuke Makupa, upite kisiwani, upande feri, ama uzunguke Dongo Kundu. Wa Nairobi, unaenda ofisi za mabasi Mwembe Tayari. Hizo bei ziandike mapema, mteja azione kabla hajalipa. Biz nyingi za hapa hazikuuawa na jukwaa, ziliuawa na "dilivari ni bure".

Cha tatu ndicho nilikosa mimi: daftari. La karatasi, la mia moja. Kila mteja akinunua, muulize, "Dada, naweza kuhifadhi namba yako nikuambie zikiingia mpya?" Akikubali, andika jina, namba, mtaa, saizi na alichonunua. Akikataa, achana naye. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na hata bila sheria hakuna anayependa kusumbuliwa saa sita usiku. Namba za wateja usimpe mtu wala usiuze.

Siku hizi nauza tena, polepole. Niko sehemu mbili za mtandao na sijali sana ni ipi itazimwa kwanza. Daftari langu lina majina 214. Ni machache kuliko wale mia tisa waliopotea, lakini hawa nikiwapigia, wanashika simu.

Kwa hivyo leo usiku kabla ulale, fanya jaribio moja. Zima data, weka simu kando, chukua kalamu. Andika wateja wako kumi wa mwisho, majina na namba. Ukifika watatu ukakwama, usiulize bado uuze wapi. Kesho anza na hao watatu.