Mainjinia Wetu na Matatizo ya Kilosa

Kila mwaka vijana wetu wanaosomea uinjinia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine vya nchi hii hufika mwaka wa mwisho. Hapo hutakiwa kushika jambo moja, kulichunguza, na kuliandikia tasnifu chini ya msimamizi. Mwananchi anayelipa kodi haambiwi jambo hilo huchaguliwaje, wala ni nani huchagua. Sisi twaona ni haki yake kujua, kwa kuwa fedha yake imo katika kazi hiyo.

Tukumbuke tulikotoka. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kutoka 1963 hadi 1970, sheria ilisomwa Dar es Salaam, udaktari Makerere na uinjinia Nairobi. Kijana wa Kilosa aliyetaka uinjinia katika chuo hicho ilimpasa kuvuka mpaka. Mwaka 1973 Kitivo cha Uinjinia kilifunguliwa Mlimani. Je, tulikitaka kitivo chetu ili vijana waandike vitabu vya kujaza makabati? La hasha! Tulikitaka kwa ajili ya nchi.

Katika vyuo, mada hugawiwa kwa njia tatu. Ya kwanza, walimu huandika orodha na wanafunzi huchagua. Njia hii ni nyepesi, lakini orodha hufuata yale ayapendayo mwalimu, na mwalimu mwenye jina huweza kuelemewa na vijana huku mwenzake akibaki na wachache. Ya pili, mwanafunzi huleta mada yake mwenyewe. Hii humjenga kijana mwenye macho. Lakini yule ambaye hajapata kukanyaga karakana wala kusimama kando ya mto atatoa wapi mada? Hushawishika kuchukua ya mwaka juzi na kuibadili jalada. Ya tatu, idara hugawa yenyewe, kwa kura au kwa alama. Kwa alama, wa juu huchagua kwanza na wa mwisho huokota makombo, hata kama huyo wa mwisho ndiye anayelijua jambo lenyewe tangu utoto wake.

Ugawaji wa haki si fumbo. Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley, wanahisabati wa Marekani, walionyesha njia. Kila upande huandika kwa mpango wale inaowataka. Maombi hupokelewa kwa muda tu, na mpokeaji huweza kumwacha wa kwanza akija anayemfaa zaidi, mpaka wasibaki wawili ambao wangependelea kuwa pamoja kuliko walivyopangwa. Idara yoyote yaweza kuifuata njia hiyo. Huondoa upendeleo na manung'uniko.

Lakini hata hesabu safi namna gani haigawi kitu kisichokuwamo kapuni. Hapo ndipo penye neno letu. Kapuni yamo mambo ya wilaya zetu?

Tutazame Kilosa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika. Maelfu ya wananchi walipoteza makazi, na reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe ikakatika. Baadaye wataalamu wa Japani walikuja kuchunguza namna ya kuikinga reli hiyo. Twawashukuru. Lakini mto ni wetu, na watu waliolala nje ni ndugu zetu. Tangu 2024 treni ya umeme hupita Kilosa ndani ya mahandaki ikielekea Dodoma. Kazi ya kutunza njia hiyo na mifereji yake haitakwisha leo wala kesho.

Twende Mikumi, katika wilaya hiyo hiyo. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia hukata Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, kwa kilometa zipatazo 50. Magari hugonga wanyama. Tuta la barabarani la umbo gani litampunguza mwendo dereva wa basi bila kuvunja ekseli ya lori? Vivuko vya wanyama viwekwe wapi? Hizo ni mada kamili za kihandisi.

Wako watakaosema kwamba chuo si karakana ya wilaya, na kwamba kijana wa mwaka mmoja hawezi kufuga mto. Ni kweli, hawezi. Lakini aweza kupima tuta moja, kalvati moja, kisima kimoja; mwakani mwingine akaanzia alipoishia mwenzake. Haba na haba hujaza kibaba. Wala kanuni za elimu hazipungui zikipimwa kwenye matope ya Mkondoa.

Kwa hiyo twatoa shauri. Ofisi za TARURA, RUWASA, TANROADS na Shirika la Reli ziandike kila mwaka matatizo yao madogo madogo yanayopimika, na kuyapeleka vyuoni kabla mada hazijagawiwa. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wapelekwe huko wakati wa mafunzo kwa vitendo, ili wachague jambo walilokwisha kuliona kwa macho. Kila mada ya wilaya iwe na wasimamizi wawili: mwalimu wa chuo, na fundi au injinia wa mahali pale. Chuo cha VETA kipo Mikumi. Walimu wake wasisahauliwe. Nauli ya kijana itengwe katika bajeti, maana bila nauli shauri lote hili ni maneno matupu. Mwisho, nakala ya tasnifu irudi wilayani na isomwe mbele ya madiwani, kwa Kiswahili.

Nanyi wanachama wa matawi ya Kilosa na Mikumi, msingoje kuulizwa. Kaeni, andikeni: kivuko gani huzama, daraja gani lina ufa, maji yalifika wapi ukutani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukiinama sote, mwenye kalamu na mwenye jembe, tasnifu zitakuwa madaraja.

Uhuru na Kazi!