Acheni kufuta hoteli za watu

Leo nataka kuwachokoza wenzangu tunaotengeneza tovuti, pamoja na wapiga picha tunaofanya nao kazi. Kisa ni hizi picha za wenye hoteli. (Nasema hoteli kwa maana yetu ya Kenya: pa kula, si pa kulala.) Fungua tovuti za mahali pa kula hapa Nairobi, nenda kwenye ukurasa wa "Kuhusu Sisi", na mara nyingi utawakuta mume na mke wamesimama wima kama wanaotafuta kitambulisho, paji la uso linameta kwa flashi, na nyuma yao ni ukungu mtupu. Ukungu jamani! Watu wamekopa, wamenunua viti, wamehangaikia leseni ya kaunti, halafu tunakuja na simu, tunawasha ile hali ya potreti, na programu inafuta kila kitu walichojenga.

Mimi ni mtu wa kuandika programu, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Ule ukungu hautoki kwenye lenzi. Ni programu inayokisia ni nukta zipi za mtu na ni zipi za "takataka", kisha inazivuruga zile za pili. Ndiyo maana wakati mwingine inakula sikio, au mwiko ulioshikwa mkononi. Aliyeiandika aliamua kwamba kilicho nyuma ya mtu hakina maana. Kwa picha ya barabarani, sawa. Lakini mwenye hoteli bila hoteli yake ni nani? Ni mtu yeyote tu aliyevaa shati safi.

Halafu kuna ule uongo kwamba watu weusi ni vigumu kuwapiga picha ndani ya nyumba. Kipima mwanga cha kamera, kikiachwa kijiamulie, hudhani kwamba mandhari yote kwa wastani ni ya kijivu, inayorudisha mwanga kwa takriban asilimia 18. Msimamishe mama mbele ya mlango saa saba mchana: kamera inaona jua lote lile, inapunguza mwanga, na uso wa mama unakuwa kama makaa. Kosa ni la nani? Si la ngozi yake. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, na aliyekuwa kwenye kadi ni mwanamke mzungu. Mwaka 2018 utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru ulionyesha programu za kutambua jinsia kwa uso zikikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, huku kwa wanaume weupe kosa halifiki hata asilimia 1. Google walileta Real Tone kwenye Pixel 6 mwaka 2021 ndipo wakaanza kutangaza kwamba kamera yao inaona ngozi zetu vizuri. Kwa hiyo usiniambie "kamera ndivyo inavyoona". Kamera inaona ilivyoagizwa kuona.

Na dawa yenyewe si ghali. Zima flashi. Waketishe wenyewe kwenye meza iliyo karibu na dirisha au mlango, mwanga uwapige kutoka ubavuni, na wewe usimame ukiwa umeupa mwanga bega, si uso. Ngozi nyeusi huchongwa na mng'ao: flashi ndogo huacha doa la mafuta, dirisha pana huacha mng'ao mpana na laini unaofuata shavu. Upande wa giza weka kitambaa cheupe cha meza kirudishe mwanga kidogo. Angalia kuta pia. Hoteli nyingi zimepakwa rangi nyekundu au kijani za matangazo ya kampuni, na ukuta huo utawapaka na wenyewe rangi yake.

Mwanga wa mchana una Kelvin 5500 hivi, balbu ya manjano 2700, na kamera huweza kusawazisha mmoja tu kwa wakati. Basi zima taa zilizo juu ya vichwa vyao, uache ile ya jikoni kule nyuma iwake. Itaonekana ya moto, na jikoni ni pa moto.

Wakiwa wawili, kumbuka kwamba mwanga wa dirisha dogo hupungua haraka: aliye mita 2 hupata karibu robo ya anayopata aliye mita 1. Wapange wote umbali mmoja kutoka dirishani, mmoja ameketi, mwingine amesimama, vichwa visilingane kama chupa za soda. Rudi nyuma, maana lenzi pana ya simu huvuta nyuso zilizo pembeni. Mwenye kamera kubwa afunge lenzi hadi f/5.6 hivi, nyuso zote mbili ziwe kali na kaunta, sufuria na ubao wa bei vitambulike.

"Mteja hana muda." Saa tisa na nusu mchana, chakula cha mchana kimeisha na cha jioni hakijaanza, nusu saa inapatikana. Tena hoteli ikiwa tupu huna haja ya kuomba ruhusa meza kwa meza. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Linganisha hiyo na bei ya kitambaa cha meza.

Na wewe unayejiandaa kuniandikia kwamba simu za sasa hufanya haya yote zenyewe: hazifanyi. Simu haiwezi kumwambia mzee asogee hatua mbili kuelekea dirishani. Hiyo ni kazi yako, na ndiyo uliyolipwa.